Kasma isiyo na mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako kwamba Baraza la Jiji limeanza kuyapitia maombi ya bajeti ya shule zake, na kwamba kikao cha kwanza cha kamati ya fedha kilimalizika kwa kuulizana swali moja: maombi ya mwaka huu yameyazidi ya mwaka jana kwa asilimia ngapi? Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nilizungumzie swali hilo. Kwa miaka 26 nilikuwa mhasibu wa shule. Kila msimu wa bajeti niliketi nyuma ya mwalimu mkuu, faili magotini, nikimpitishia karatasi za kulijibia swali hilohilo. Sasa nimestaafu, na sina ninachoomba kwa ajili yangu. Lakini kuna jambo nililolifanya kwa kalamu yangu mwenyewe miaka ile, na naona madiwani wetu wako mbioni kulisababisha tena.

Nianze na asilimia yenyewe. Maombi yakipanda kwa asilimia 9, diwani anashtuka, na ana haki ya kushtuka, kwani fedha ni za walipa kodi. Lakini ikiwa mwaka huohuo idadi ya wanafunzi imepanda kwa asilimia 12, basi kwa kila mtoto shule imeomba pungufu, karibu asilimia 3 chini ya mwaka jana, na hapo hujagusa bado kupanda kwa bei ya karatasi, umeme na rangi. Nimewahi kukaa katika kikao ambamo maombi yaliyopungua kwa hesabu hiyo yaliitwa ya anasa. Mwalimu mkuu alinyoosha mkono kueleza, akaambiwa muda umekwisha.

Wengi hawajawahi kuiona bajeti ya shule ikiandikwa, kwa hiyo nieleze ilivyokuwa kwetu. Tulikuwa watatu: mwalimu mkuu, mwenyekiti wa bodi ya shule, na mimi. Tulianza na mishahara, na hapo hapakuwa na mjadala, kwa kuwa mkataba ni mkataba. Katika nchi za OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, mishahara ya watumishi huchukua takriban robo tatu ya matumizi ya kawaida ya shule, kwa hiyo anayepunguza bajeti ya shule kwa kweli anapunguza robo iliyobaki, hata kama hajui. Katika robo hiyo tuliweka mitihani, ambayo ina tarehe isiyosogea. Tuliweka umeme na maji, ambavyo vikikosa malipo vinakatwa. Tuliweka walinzi, maana wasipolipwa lango linabaki wazi usiku. Tuliweka vitabu na karatasi. Mwisho kabisa, mezani watu wamechoka, tulifika kwenye kasma, yaani fungu la bajeti, ya matengenezo ya majengo.

Maombi yakaenda. Baada ya wiki kadhaa yakarudi na barua fupi: punguzeni kwa asilimia 8. Barua haikusema pa kukata. Ikatuachia wenyewe. Tukarudi mezani wale wale watatu, na kila kasma tuliyoigusa ilikuwa na mtu wa kuitetea. Mishahara ina walimu. Mitihani ina wazazi. Umeme una mtu atakayekuja na koleo kukata waya. Paa halina mtu. Halipigi simu, halifiki ofisini mwisho wa mwezi, halitishii kuacha kazi. Tukalikata paa. Nasema tukalikata, lakini kalamu ilikuwa yangu, na mwandiko ulio kwenye karatasi zile ni wangu.

Naomba nisimulie jengo moja tu. Lilikuwa jengo la vyumba vinne vya madarasa, upande wa mashariki wa uwanja. Fundi wetu, mtu mzima aliyekuja na ngazi yake begani, alikuwa na desturi nzuri ya kuniandikisha kila alichokiona. Kwa ajili yake nilifungua daftari la matengenezo lenye safu tano: tarehe, kasoro, nani ameiripoti, makisio ya fundi, na kilichofanyika. Mwaka wa kwanza aliandikisha kwamba gata la nyuma limekatika na mabati matatu yamelegea misumari. Makisio yake yalikuwa madogo, kazi ya siku mbili. Katika safu ya tano niliandika: imeahirishwa. Mwaka wa pili aliandikisha kwamba maji yanateremka ukutani na dari ya pembeni imelainika. Mwalimu wa darasa alikuwa amehamisha madawati sita kutoka kona ile na kuyabana katikati. Nikaandika: imeahirishwa. Mwaka wa tatu, kenchi mbili zimeanza kuoza. Imeahirishwa. Mwaka wa nne alipanda, akashuka bila kusema neno, akaniita nikashike ngazi nione. Alichukua bisibisi akaisukuma kwenye mbao ya kenchi. Iliingia mpaka kwenye mpini, kama inaingia kwenye mkate.

Tulivifunga vyumba viwili siku ileile kabla ya kengele ya saa nne. Namshukuru Mungu kila ninapokumbuka kwamba fundi alipanda siku ile, maana mvua ilinyesha usiku wake.

Gharama ya kuezua na kuezeka upya, kubadilisha kenchi, dari na ukuta wa juu uliokwisha kulowa, ilikuwa mara kumi na moja ya makisio ya mwaka wa kwanza. Mara kumi na moja. Niliikokotoa mara tatu nikidhani nimekosea. Na baraza, ambalo miaka mitatu mfululizo halikuwa na fedha za gata, lilitoa fedha hizo zote katika kikao kimoja cha dharura. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikufundishwa chuoni: fedha za kuzuia hasara huombwa kwa magoti na hazipatikani, ila fedha za kulipia hasara ileile hupatikana kwa siku moja, kwa sababu sasa paa limepata mtu wa kulisemea, naye ni hofu.

Wasomaji wako wataniuliza: kwani si fedha zilipatikana, na paa likaezekwa? Ndiyo, liliezekwa, baada ya miezi saba. Kwa miezi hiyo saba watoto wa vyumba viwili waligawanywa katika madarasa mengine. Darasa lililokuwa na watoto 41 likawa na 62. Mimi si mwalimu, lakini kila siku nilipita dirishani nikielekea stoo, na nilimwona msichana mmoja wa safu ya nyuma akinakili kutoka kwenye daftari la mwenzake kwa sababu ubao hauoni. Alinakili hivyo kutwa nzima. Yule mwenzake akikosea, naye alikosea. Hiyo haiko katika leja yoyote niliyowahi kuifunga. Hakuna kasma ya kuandika kwamba mtoto fulani alinakili makosa ya jirani yake kwa miezi saba.

Wanaodhani ukubwa wa darasa ni malalamiko ya walimu watazame kilichofanyika katika jimbo la Tennessee, Marekani, kati ya 1985 na 1989. Watoto wa madarasa ya mwanzo waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine katika madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine katika madarasa ya 22 hadi 25. Walio katika madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa familia maskini. Huko darasa kubwa lilikuwa la watoto 25. Sisi tuliwabana 62, kwa sababu ya gata.

Wala haya si mambo ya shule zilizosahaulika peke yake. Uingereza ni nchi tajiri, yenye wahandisi na wakaguzi tele. Mwishoni mwa Agosti 2023, siku chache tu kabla ya muhula mpya, shule zaidi ya 100 za England ziliambiwa zifunge majengo au sehemu za majengo, kwa kuwa yalijengwa kwa zege jepesi lenye viputo vya hewa, liitwalo RAAC, ambalo linaweza kuporomoka bila dalili ya kutosha. Hatari ilikuwa imekwisha kujulikana. Julai 2018 paa la shule ya msingi huko Kent lilikuwa limeanguka, na salama yake ni kwamba ilikuwa mwishoni mwa wiki, hapakuwa na mtoto chini. Na kuna hesabu moja katika ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi ile, iliyotoka Juni 2023, ambayo niliikata na kuibandika ndani ya jalada la daftari langu. Wizara ya Elimu ilikadiria kwamba kuyatunza majengo ya shule na kuziepuka hatari kubwa kabisa kungehitaji pauni bilioni 5.3 kwa mwaka. Hazina ikatoa wastani wa bilioni 3.1. Wanafunzi wapatao 700,000 walikuwa wakisoma katika shule zilizohitaji kujengwa upya au kukarabatiwa kwa kiasi kikubwa.

Nilipoisoma nilikaa kimya muda mrefu. Tarakimu ni kubwa kuliko zetu mara nyingi mno, lakini karatasi ni ileile. Kuna safu ya kilichoombwa na safu ya kilichotolewa. Pengo kati ya safu hizo halikuitwa deni na mtu yeyote, kwa sababu hakuna benki iliyokopesha. Lakini ni deni, na aliyekopeshwa ni bajeti, na aliyekopesha ni mtoto anayeketi chini ya paa.

Sasa kuna hoja moja ya madiwani ambayo naiheshimu, nami siwezi kuiruka kwa kuwa nilishiriki kuisababisha. Wanasema shule huongeza chumvi katika maombi yao. Ni kweli. Sisi tuliongeza. Tulijua tutakatwa asilimia 8 au 10, kwa hiyo tuliomba asilimia 10 zaidi ya tulichohitaji. Baraza nalo lilijua kwamba tumeongeza, kwa hiyo lilikata bila kusoma. Mwaka uliofuata tukaongeza zaidi. Walioumia katika mtindo huu ni wale walimu wakuu waliokuwa wakweli. Namkumbuka mmoja wa shule jirani ambaye hakuwahi kuongeza hata senti. Alileta makisio ya fundi yakiwa yameambatanishwa, na stakabadhi za mwaka uliopita, kila kitu. Alikatwa asilimia ileile kama sisi wengine, na kwake kisu kilifika kwenye mfupa. Baada ya miaka miwili alikuja ofisini kwangu kuniuliza sisi tunaongezaje. Nilimfundisha. Katika miaka yote 26 hilo ndilo jambo ninalolijutia kuliko yote.

Kwa hiyo sisemi madiwani watoe kila kinachoombwa. Nasema wasome. Kukata asilimia moja kwa shule zote kunaonekana kama haki, lakini ni kukwepa kusoma. Mkweli na mwongo wanapimwa kwa kipimo kimoja.

Kuna jingine ambalo huenda madiwani wapya hawalijui, nalo ni la bakaa, yaani fedha zinazobaki bila kutumika mwaka ukifungwa. Mara kadhaa tuliidhinishiwa fedha za ukarabati mwanzoni mwa mwaka wa fedha, zikaingia kwenye akaunti mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo. Kutangaza zabuni, kuzifungua, kumpata mkandarasi, kusaini mkataba, vyote hivyo haviwezi kwisha kwa wiki nne bila kuvunja kanuni, na mimi kanuni sikuzivunja. Mwaka ukafungwa, fedha zikarudi. Kisha katika kikao cha bajeti iliyofuata, diwani akanyanyua karatasi na kuuliza kwa nini tunaomba za ukarabati wakati za mwaka jana tulizirudisha. Swali lilikuwa halali kwa mtu aliyeona jumla tu. Lakini jibu lilikuwa katika tarehe ya hati ya kupokelea, ambayo haikuwa mezani kwake. Ningependa safari hii tarehe hizo ziwe mezani. Kando ya kila kiasi kilichorudishwa iandikwe siku kilipoingia.

Kwingine wamegawana kazi hii kwa namna tofauti. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, baraza la jiji hupiga kura juu ya jumla ya fedha za shule, na halina mamlaka ya kuzipangia kasma mojamoja. Hiyo ni kazi ya kamati ya shule iliyochaguliwa. Wanaoutetea utaratibu huo husema wenye shule ndio wanaojua mahitaji yao. Mimi naona pande zote mbili. Baraza likipekua kasma moja baada ya nyingine bila kujua shule, litaharibu. Likikata jumla na kuondoka, litakuwa limetuma kisu gizani, nami nimeeleza kisu hicho huangukia wapi. Ninachokiona kinafaa popote, mamlaka yawe kwa nani, ni kwamba anayekata atamke kinachokatwa. Azimio la baraza liseme: tumepunguza kiasi hiki, na kwa sababu hiyo gata la shule hii na vyoo vya shule ile havitatengenezwa mwaka huu. Diwani akishalisema hilo kwa sauti, mbele ya wazazi, na likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, nitaamini kwamba amesoma. Na huenda asilipigie kura.

Nimetaja vyoo, na sitaki nipite haraka. Daftari langu lina kurasa nyingi za vyoo kuliko za paa. Koki iliyovunjika, mlango usiofunga, bomba lililoziba. Vitu vidogo, kila kimoja kinaahirishika. Mwaka mmoja milango mitatu ya vyoo vya wasichana ilikaa bila komeo kwa muhula mzima. Matroni alinijia akaniomba nilinganishe daftari la mahudhurio la wasichana wa madarasa ya juu na la wavulana. Nililinganisha. Wasichana walikosa siku nyingi zaidi, na siku hizo zilijirudia kila mwezi. Sikuwa nimewahi kuliona komeo kuwa kifaa cha kufundishia. Nililinunua siku ileile kwa fedha ndogondogo za ofisi, makomeo matatu na skrubu zake, na mkaguzi wa hesabu akanihoji baadaye kwa nini nimetumia kasma isiyo yake. Nilimwonyesha madaftari mawili ya mahudhurio. Aliyasoma, akafunga hoja.

Sasa madiwani wafanye nini katika hizi wiki chache kabla ya kura? Waiombe kila shule karatasi moja inayoambatana na maombi: orodha ya matengenezo yaliyoahirishwa, kila moja na mwaka liliporipotiwa mara ya kwanza na makisio ya wakati huo na ya sasa. Shule iliyo na daftari itaiandika kwa siku moja. Shule isiyo na daftari itajulikana, na hilo nalo ni jibu. Diwani akiiona safu ya makisio ikipanda kutoka mwaka hadi mwaka kwa kasoro ileile, hatahitaji hotuba ya mwalimu mkuu.

Wafike shuleni. Wasiende na msafara, wala wasitoe taarifa ya wiki mbili, maana tukipewa taarifa tunapaka rangi. Nimesaini hati za rangi hizo. Waende siku ya mvua. Dakika kumi ndani ya darasa mvua ikinyesha zinaeleza zaidi ya kurasa 40 za maombi.

Na wakishaidhinisha, fedha za matengenezo zizungushiwe uzio, zisihamishwe kwenda kasma nyingine bila azimio jipya. Kwa kipimo cha kiasi, kuna pa kuanzia: mwaka 1990 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipendekeza kwamba mwenye majengo ya umma atenge kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kuyajenga upya, kwa ajili ya matengenezo na ukarabati. Nilipolipigia hesabu jengo letu la vyumba vinne kwa kipimo hicho, hata kwa ile asilimia 2 ya chini, tulikuwa tukitenga chini ya robo ya inayotakiwa. Hatuwezi kuifikia kwa mwaka mmoja, najua. Barabara nazo zinasubiri, zahanati nazo zinasubiri. Lakini kutofika si sawa na kutojua umbali uliobaki.

La mwisho nalielekeza kwako, Mhariri, maana liko mikononi mwako zaidi ya mwa madiwani. Uganda, katika miaka ya 1990, watafiti waliuliza katika shule za msingi 250 ni kiasi gani cha ruzuku ya wanafunzi kilichotoka serikali kuu kilizifikia. Waligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu. Fedha nyingine ziliishia njiani, katika ngazi za wilaya, na shule nyingi hazikujua hata kwamba zina haki ya ruzuku hiyo. Serikali haikuanza kwa kuunda tume. Ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, mwezi kwa mwezi, na baadaye kutaka tangazo kama hilo libandikwe shuleni. Kufikia 2001 shule zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Sababu hazikuwa magazeti peke yake, lakini watafiti walipotazama kwa makini waliona kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali magazeti yanapouzwa ziliongezewa zaidi kuliko zilizo mbali.

Nilipokuwa kazini, bajeti ya shule ilibandikwa ubao wa ndani wa ofisi yangu, nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa inafichika. Hakuna aliyetuambia tuibandike pale kwa nia mbaya. Ndipo palipokuwa na nafasi. Mzazi mmoja tu ndiye aliyewahi kuniomba kuiona, akiwa amekuja kulipia sare. Aliisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, akafika chini, akaniuliza: "Mama mhasibu, na hii sifuri ya matengenezo, maana yake nyumba haitatengenezwa?" Nilimjibu kwamba tutaangalia. Hakuridhika, nami sikuridhika na jibu langu.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako lichapishe jedwali moja baada ya kura kupigwa: jina la kila shule, kilichoombwa kwa matengenezo, kilichoidhinishwa. Kisha lirudie jedwali hilo kila baada ya miezi mitatu, likiongeza safu ya kilichofika na tarehe kilipofika. Safu nne hazijazi hata nusu ya ukurasa. Wahasibu wa shule watazijaza. Wengi wao ni watu makini wanaosubiri tu kuulizwa. Na wazazi watazikata na kuziweka mfukoni, wakienda nazo kwenye mikutano ya shule, na mwalimu mkuu atakuwa na la kujibu au atakuwa na mtu wa kumsaidia kudai.

Daftari langu la safu tano ninalo bado. Aliponiaga ofisini, mrithi wangu alisema niende nalo, kwani yeye atafungua jipya. Nimemwachia mhariri jina na anwani yangu. Diwani yeyote atakayetaka kuliona kabla ya kikao cha kura nitampelekea mwenyewe, na nitamfungulia ukurasa wa jengo la mashariki aone neno lile lilivyoandikwa mara tatu kwa mwandiko wangu.

Wako,
Mhasibu mstaafu wa shule